Kumpelelezea Binti Yangu Chuo

Miaka ile nilikuwa mtu wa kuchoka tu. Wengine wakikuhadithia Dubai ya wakati ule watakutajia majengo yaliyokuwa yakipanda kila siku na barabara zilizofungwa leo huku zikafunguliwa kesho kule. Mimi nitakutajia miguu yangu. Nilikuwa mwangalizi wa watoto kwenye basi la shule. Saa kumi na moja alfajiri nishashuka ngazi za jengo letu pale Al Nahda, maana lifti ilikuwa na siku zake, na saa kumi jioni ndiyo kwanza navua viatu. Katikati hapo ni kufunga mikanda, kufuta matapishi, kuamua ugomvi wa nani akae dirishani, na kuhesabu vichwa kila kituo.

Mume wangu alikuwa karani wa duka la jumla la viungo huko Al Ras. Alikuwa akirudi ananuka iliki na karafuu, nguo zake zikifuliwa peke yake. Sisi ni watu wa Unguja. Yeye alikuja na wazazi wake akiwa mdogo, mimi nililetwa bibi harusi, na tulijaaliwa mtoto mmoja tu, wa kike. Mtoto huyo alikuwa hasikii sikio la kushoto. La kulia alisikia nusu.

Habari hiyo tuliijua sisi wa ndani na daktari wake, basi. Alipokuwa na miaka minne sikio lilitoka usaha, homa ikampanda, ikakaa wiki mbili, na ilipoondoka iliondoka na usikivu wake. Mkwe wangu, mama yake mume wangu, tulikuwa tukiishi naye. Tulipotoka hospitali alifunga mlango wa chumba, akasema taratibu, "Huyu mtoto wa kike. Neno hili lisivuke mlango huu. Kesho na keshokutwa watakuja watu kuuliza."

Kwetu ndivyo ilivyo. Posa ikija, hujibu siku ile. Unaomba muda, halafu unatuma mtu akapeleleze: kijana anaswali wapi, jirani zake wanasemaje, kazini anafika saa ngapi, mama yake ana ulimi wa namna gani. Na wao huku wanakupeleleza wewe. Kila upande unatafuta kasoro ya mwenzake na kuficha ya kwake, na neno "kiziwi" likishatoka kwenye kinywa cha jirani mmoja, hulirudishi tena. Kwa hiyo tulificha. Alipopewa kile kifaa cha kuvaa sikioni, tulimvisha ushungi mapema kuliko wenzake wote, na watu wakatusifu kwa kumlea mtoto katika dini. Mungu anajua.

Shuleni alikaa mbele, upande ambao sikio la kulia linamwelekea mwalimu, akajifunza kusoma midomo. Aliyekaa naye alimwachia daftari anakili. Akiitwa kutoka nyuma haitiki, basi walimu wakawa wananiambia, binti yako mzuri lakini anaringa. Nami nilikuwa nikirudi nyumbani nimeridhika, nasema afadhali waone anaringa.

Alimaliza shule na alama nzuri, hasa za baiolojia na kemia. Hapo ndipo ilipokuja habari ya chuo.

Sisi si raia, vyuo vya serikali hatukuvihesabu kuwa vyetu. Tulikwenda kwenye maonyesho ya vyuo, ule ukumbi mkubwa wenye baridi ya kufisha, meza mia na kila meza na kijana mwenye tai anayekupa mfuko wa karatasi na kalamu. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye basi. Nilitembea nyuma yao nimelala macho wazi. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kwenye meza yenye msongamano, ya tawi la chuo kikuu kimoja cha Ulaya ambacho jina lake analijua hata asiyejua kusoma. Akauliza swali moja tu, "Hiki ndicho kilekile?" Kijana akamjibu ndicho kilekile. Kwa mume wangu hapo upelelezi ulikuwa umekwisha.

Binti yangu alinivuta mkono akanionyesha meza ya pembeni. Hapakuwa na mtu isipokuwa mama mmoja wa makamo na darubini mbili. Chuo kidogo, kinafundisha kazi za maabara za hospitali. Aliinamia darubini ile muda mrefu, mpaka baba yake akaja.

"Chuo gani hicho?" akauliza mume wangu.

Binti akamtajia.

"Nani anakijua?"

Hakuna aliyekijua. Tukaondoka. Ningeweza kusema neno pale, lakini nilikuwa nawaza kitanda.

Lile tawi lenye jina halikuwa na maabara. Lilikuwa na biashara na kompyuta, kwa hiyo aliyependa kemia akaandikishwa biashara. Tulipika pilau. Mume wangu aliwaalika wazee wa msikitini, ikasomwa dua, na kila mzee akalitamka jina la kile chuo kwa namna yake, wote wakilitamka kwa furaha. Mkwe wangu alipiga simu Unguja, akapiga Maskati, akapiga Mombasa. Siku ile nilifurahi na mimi, sitaki kujifanya mjuzi baada ya mambo kutokea.

Muhula ukaisha. Ikaja karatasi ya matokeo: masomo manne, kafeli matatu.

Mume wangu aliisoma, akaikunja, akaenda kuswali. Siku ya tatu mkwe wangu akasema kuna watu Maskati wamemuulizia mtoto, watu wazuri, na kama chuo kimemshinda basi asikae bure. Watu hao hawakujua lolote kuhusu sikio. Binti yangu aliyasoma yale maneno kwenye midomo ya bibi yake, akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilitaka kuzungumza naye, lakini ile nyumba tuligawana na familia nyingine. Ukuta kati yetu na wao ulikuwa ubao, na jirani akikohoa unamwambia pole. Mambo ya siri husemwa kwa kunong'ona, naye kwa kunong'ona hasikii. Ikanibidi nimpandishe juu ya paa, kwenye matangi ya maji, jua la jioni bado linachoma, nikasimama mbele yake anione uso.

"Nini kimekusibu, mwanangu?"

"Simsikii, Mama. Ukumbi mkubwa, tuko wengi. Na mwalimu hayupo. Yuko huko kwao, anaonekana kwenye kioo kama cha televisheni. Midomo inatangulia, sauti inakuja nyuma. Nikifuata midomo inakatika."

"Si ungewaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba husikii vizuri."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe ungeniruhusu?"

Nikasema tushuke, maghrib inakaribia.

Usiku ule nililala, maana hakuna kitu kilichokuwa kikinizuia kulala miaka ile. Lakini asubuhi kwenye basi, nikiwa nafunga mikanda, nilijiambia: mwanamume mmoja akija kuposa hatumpi jibu mpaka tumeuliza kwa mpishi wake, na chuo tumekipa mtoto kwa kuuliza kwa mwenye tai. Haya, ukubwa jaa. Nani mwingine wa kwenda? Nitakwenda mimi.

Basi likishawateremsha watoto asubuhi, lilikuwa linaegeshwa mpaka mchana. Wenzangu walikuwa wanalala kwenye viti vya nyuma, nami pia, na usingizi ule ndio uliokuwa ukinishikilia. Niliuacha. Nilikwenda kwanza kule kwenye lile tawi, nikitaka kujua kama kosa ni la chuo au la mwanangu. Sikwenda mapokezi. Nilikwenda kwa mlinzi wa lango la nyuma, kijana wa Kikenya, nikamsalimia kwa Kiswahili, na uso wake ukafunguka.

"Karibu, mathe. Umepotea ama?"

Nikamwambia nina mtoto hapa, nataka ukweli.

Akaangalia kulia na kushoto. "Mathe, wacha nikushow. Hapa jina ni kubwa, na wale wako sawa wanatoboa, hao wa kujisomea. Lakini msee akikwama, atamuuliza nani? Malekchara wengi wako kwa skrini. Hawa wa hapa wakimaliza klasi wanaingia kwa gari. Saa nane hivi hii parking ni mimi na paka."

Nikamshukuru. Alikuwa hajakisema vibaya chuo kile, na mimi pia sikisemi vibaya. Wapo waliosoma pale wakafika mbali. Lakini mwanangu alikuwa mtu wa kukwama na kuuliza, na pale pa kuuliza hapakuwepo.

Wiki iliyofuata nilikitafuta kile chuo cha darubini. Kilikuwa nyuma ya Ras Al Khor, ng'ambo ya magereji, jengo la ghorofa mbili ambalo ungedhani ni zahanati. Nilishuka kwenye teksi nikapita kati ya milango ya magari na injini zilizopangwa chini, mafundi wananishangaa mama mzima na buibui anatafuta nini huko. Nilikaa kwenye kivuli nje ya geti nikisubiri mfanyakazi atoke. Alitoka mwanamke wa usafi, na alivyofunga kanga kiunoni juu ya sare nikajua huyu ni wetu. Alikuwa mtu wa Tanga.

"Shikamoo, dada," akanisalimia.

"Marahaba. Mwenzangu, kazi hapa ikoje?"

Sikuwa nimeuliza habari ya masomo hata kidogo. Aliweka ndoo chini, na malalamiko yakatoka kama maji.

"Ah, kazi! Kazi ingekuwa nyepesi, lakini watu wa hapa hawajui kwenda makwao. Wallahi dada, zamu yangu inakwisha saa tisa. Saa tisa wanafunzi bado wamo. Naingia kufagia, mwalimu ananiambia subiri kidogo. Anazunguka meza moja moja, anamwinamia huyu, anamwinamia yule, kama yuko harusini anagawa sambusa. Darasa lenyewe watu kumi na wanne! Kumi na wanne wa nini mpaka saa kumi? Jana nimekosa basi la kambini tunakolala kwa ajili yao. Khalas, nimewaambia wanihamishie ofisi nyingine."

Nilimsikiliza mpaka mwisho nikampa pole. Moyoni nilikuwa sijasikia sifa nzuri kuliko ile tangu tuanze habari ya vyuo.

"Wewe una mtoto unataka kumleta?" akaniuliza.

"Ninaye. Anatoka chuo kingine."

"Kule kapatwa na nini?"

"Hakupatwa na kitu," nikasema.

Akaniangalia, akachukua ndoo yake. "Haya, dada."

Nilikuwa nimekipeleleza chuo mpaka kwa mfagiaji, na nilipoulizwa swali moja tu kuhusu wangu, nikafunika. Siku ile sikuliona hilo. Niliona kwamba nimefanya kazi nzuri, na kwamba nimechelewa kurudi kwenye basi.

Mume wangu hakutaka ahamie kile chuo kidogo. Alisema, "Nikiulizwa msikitini anasoma wapi, nijibu nini?"

"Jibu anasoma."

"Wataniuliza kwa nini katoka kule."

"Baba wee, wazee wenyewe hata jina la kule hawalipatii. Kabla ya Ramadhani watakuwa wameshalisahau."

Alinusa viganja vyake kama alivyozoea akiwa na mawazo. Kisha akasema, "Fanyeni mnavyojua," na kwake hiyo ndiyo idhini. Mkwe wangu alitupa muda wa siku chache. Wakimkataa huko, alisema, anawajibu watu wa Maskati. Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe aliolewa akiwa na miaka kumi na sita, na aliona anamwokoa mtoto.

Basi tukaenda, mimi na binti yangu, kati ya zamu ya asubuhi na ya mchana. Mimi nimevaa sare ya basi chini ya buibui. Mwalimu aliyetupokea alikuwa ni yule mama wa makamo wa kwenye maonyesho, mtu wa Sudani, na meza yake imejaa vioo vya maabara. Alizungumza Kiingereza. Kiingereza changu ni cha basi, kaa chini, usipige kelele, mkanda. Na Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya. Kwa hiyo binti yangu alikuwa anatafsiri. Mwalimu anasema huku anapekua faili, ameinama, na nilimwona mwanangu anainamisha kichwa naye, anaitafuta midomo.

Aliuliza juu ya shule. Vizuri. Aliuliza juu ya alama za kemia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaifikia ile karatasi ya muhula mmoja, akaiweka mbele yetu.

"Anauliza kwa nini nilifeli," binti yangu akaniambia.

Jibu nilikuwa nimelitayarisha tangu nyumbani. "Mwambie ulishikwa na malaria."

"Mama, malaria, Dubai?"

"Ulitoka likizo Unguja. Mwambie."

Mwalimu alikuwa anasubiri, anatuangalia huyu na huyu. Binti yangu hakutafsiri. Alinyanyua mkono, akatoa pini ya ushungi, akaushusha upande wa kulia, mlango umefungwa na sisi sote wanawake, akamgeuzia yule mama sikio lenye kifaa. Akasema maneno machache ya Kiingereza. Niliyaelewa yote, maana yalikuwa mepesi, hata mtu wa basi angeyaelewa. Alisema sikio la kushoto limekufa, la kulia linasikia nusu, na kule alikuwa hasikii mwalimu. Akasema, mama yangu anaona haya.

Sikuwahi kutamani kufunikwa na ardhi mpaka siku ile.

Mwalimu hakushtuka. Alifunga faili. Aliinuka akauzungusha ubavuni mwa meza ule mwili wake mzito, akavuta kiti akakaa mbele ya binti yangu, magoti yao karibu kugusana, mwanga wa dirishani ukimpiga yeye usoni. Akarudia swali. Na mwanangu akazungumza. Alizungumza juu ya ukumbi, juu ya kile kioo, juu ya kemia, mikono inakwenda, anacheka kidogo, anasahau kwamba mimi nipo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akizungumza hivyo na mtu wa nje. Nilidhani ni mpole. Watu wote walidhani ni mpole, au anaringa.

Baadaye akanigeukia. "Anasema nafasi ipo. Anasema nitakaa meza ya mbele, na walimu watanielekea wakisema. Anasema ni kitu kidogo, wangeambiwa tu."

Wangeambiwa tu. Nikasema alhamdulillahi. Nilikuwa nataka tuondoke, basi linanisubiri.

Lakini mwalimu alikuwa na fomu ya kujaza, na alitaka kujua imeanza lini, na daktari alishauri nini. Binti yangu aliniuliza mimi. Hayo alikuwa hayajui, alikuwa mdogo.

Nikaanza kusema kwa Kiswahili, naye akitafsiri kipande kwa kipande, maisha yake mwenyewe akiyasikia na kuyahamisha. Nikasema ile homa, wiki mbili. Akatafsiri. Nikasema mwaka aliopewa kifaa. Akatafsiri. Nikasema daktari alisema shule itamsaidia, wako walimu wa kumfundisha mtoto wa namna ile, na alituandikia barua tuipeleke shuleni. Akatafsiri. Kalamu ya mwalimu ikasimama ikingoja.

Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Ila nilikuwa nimechoka, nimechoka na kazi ya kufunika kuliko kazi ya basi, na ule uso wa mwanangu ulikuwa mbele yangu umeitegea midomo yangu, hauna hila.

"Sikuipeleka," nikasema. "Niliichana."

Nilisema nimeinamisha kichwa. Alikunja uso, akasogea.

"Sikupata, Mama. Rudia."

Nikanyanyua uso, nikamrudishia neno kwa neno, polepole. Alinitazama mdomoni mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia mwalimu, akatafsiri.